Methionini Yetu Iliyokwama Mai Mahiu

Wengi wenu mliniuliza baada ya ibada nilikuwa wapi siku nne bila kupokea simu zenu, nami nikajibu "kazi tu" kwa sababu nilikuwa nimechoka hata kuongea. Leo nimepata nafasi ya kuketi, kwa hiyo naandika yote mara moja nisije nikarudia kwa kila mtu. Nilikuwa Mai Mahiu. Ndiyo, hiyo hiyo mnayoijua, mwendo wa saa tatu kutoka Rongai yetu ya Nakuru hata gari likienda polepole. Mimi nilitoka Jumatatu asubuhi nikarudi Alhamisi, na mgongo bado unanikumbusha benchi nililokalia.

Kilichonitoa Rongai

Mnajua nafanya kazi kwenye kinu cha chakula cha mifugo cha Mzee Rotich. Kazi yangu ni vipimo: mahindi kiasi gani, soya kiasi gani, mashudu, omena, chokaa. Mwisho kabisa natia unga mweupe unaoitwa methionini, kama konzi moja kwa gunia zima la chakula cha kuku wa mayai. Ni kitu kidogo hivyo, lakini mahindi na soya havina ya kutosha, na kuku mwenyewe hawezi kuitengeneza mwilini. Ikipungua, mayai yanakuwa madogo, manyoya yanapukutika, halafu kuku wanaanza kudonoana mpaka damu.

Hapa Kenya hatuitengenezi. Viwanda vyake duniani ni vichache, vingine China, vingine Ulaya na kwingineko mbali. Kimoja kikisimama, au meli zikilazimika kuzunguka bara lote la Afrika badala ya kupita Bahari ya Shamu, Rongai tunajua hata kabla ya kusikia habari kwenye redio. Safari hii tulijua hivi: msambazaji wetu aliacha kusema "kesho" akaanza kusema "tutakupigia."

Stoo ikabaki na mfuko mmoja. Nikapunguza konzi ikawa nusu konzi. Nilimwambia Mzee Rotich, akasema, "Shikilia hivyo hivyo, mzigo uko njiani." Wakulima hatukuwaambia.

Wiki ya tatu akaja Mama Cheptoo, mjane anayefuga kuku mia nne karibu na shule ya msingi. Alikuwa na katoni. Akaiweka juu ya meza yangu, akaifungua, akamtoa kuku ambaye mgongo wake wote ulikuwa ngozi nyekundu tupu.

"Nasimiyu, niangalilie hii kitu," akasema. "Wako wengi hivi. Nne wamekufa, wameliwa na wenzao."

Ningeweza kumwambia wakati ule. Badala yake nilimgeuza yule kuku huku na huku kama daktari, nikasema, "Ni mwanga, mama. Nyumba ya kuku ina mwanga mwingi, ndio maana wanaonana na kudonoana. Ziba madirisha na magunia."

Akanishukuru. Akambeba kuku wake akaenda kuziba madirisha.

Jumapili jioni dereva wa lori lililobeba mzigo wetu kutoka Mombasa akapiga simu. Jina lake Mutua. Lori lilikuwa limeharibika giaboksi Mai Mahiu na haijulikani litaondoka lini. Mzee Rotich akaniambia nichukue kanta, lori dogo la kinu, na dereva wetu Kamau, twende tukahamishe mifuko yetu. Alitaka mtu anayeijua methionini akiiona. Nikakubali haraka kuliko alivyotarajia.

Nakuru

Tulipofika Nakuru gurudumu la nyuma lilikuwa limelala. Kamau akalipeleka kwa fundi upande wa viwandani, na fundi alikuwa na foleni ya magari mbele yetu. Nikaenda kutembea kunyoosha miguu. Nikaingia duka moja la pembejeo, nikauliza tu, bila matumaini, kama wana methionini.

"Iko," mwenye duka akasema, bila hata kuinua kichwa.

Akanitolea mfuko uliofungwa kwa uzi wa kushonea magunia, hauna maandishi upande wowote. Nikachota kidogo nikanusa. Haikunuka chochote. Mtu aliyewahi kufungua methionini haisahau, inanuka kabichi iliyolala kwenye sufuria siku tatu.

"Hii hainuki," nikamwambia.

"Hii ni ya kisasa, madam. Imetolewa harufu."

Nikaweka chembe kwenye ulimi. Chumvi, na kitu kingine kama unga wa mahindi. Nawaambia ukweli: nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyostahili. Kwa uchovu niliokuwa nao, kuupakia ule mfuko na kugeuza kanta kurudi nyumbani kulionekana kitu kizuri sana. Mzee Rotich asingejua. Lakini mgongo wa yule kuku ulikuwa bado machoni pangu. Nikamrudishia kikombe chake cha kuchotea, nikaenda kukaa kwa fundi.

Gilgil, kwenye vumbi

Barabara inapanuliwa, hilo mnalijua. Kabla ya kufika Gilgil tukasimamishwa na kijana mwenye bendera nyekundu, na hatukusonga kwa saa mbili na zaidi. Jua lilipiga vioo. Tulikula mahindi ya kuchoma na kunywa soda zilizokuwa na joto kama chai.

Kamau ni mtu wa maneno machache, ila alipochoka kukaa kimya akaniuliza, "Madam, hii dawa ya manyoya, inaweza saidia binadamu?"

"Dawa gani ya manyoya?"

"Hii tunaenda kuchukua. Nilimwambia bibi yangu inaotesha manyoya ya kuku. Sasa amesema nimletee kidogo, babake hana nywele tangu aoe."

Nilicheka mpaka kijana wa bendera akatugeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka kwa wiki nzima. Nikamweleza kwamba si dawa, ni chakula, ni kipande kimoja tu cha protini ambacho kuku anakosa kwenye mahindi. Kamau akatikisa kichwa polepole.

"Basi nimwambie nini yule mama?"

"Mwambie mzee ale mayai."

Mai Mahiu

Tulifika saa kumi alasiri. Lori la Mutua tuliliona mara moja, bluu, limeegeshwa nyuma ya hoteli moja ya mabati yenye jiko la nje. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kubwa. Mutua hakuwepo. Alikuwa ameenda Nairobi kutafuta kifaa cha giaboksi, na ufunguo ameenda nao mfukoni.

Aliyeachiwa lori alikuwa mwenye hoteli, mama wa makamo aitwaye Njoki, ambaye kila dereva pale anamwita Mathe. Alitukaribisha vizuri, akatuletea chapati na madondo, yaani maharagwe, na chai ya maziwa iliyojaa tangawizi. Akauliza tumefuata nini ndani ya lori.

Mimi na akili yangu iliyochoka nikajibu kwa jina la darasani. "Amino asidi, Mathe. Mifuko kumi na sita."

Akaacha kumimina chai. "Asidi?"

"Si ile unayofikiria."

"Asidi ni asidi! Kijana wa gereji alichomeka mguu hapo mbele na asidi ya betri, nikamwagia maji na hii mikono yangu! Na mimi nimepika karibu na hiyo gari siku mbili!"

Nikajaribu kueleza. Nikamwambia hata maharagwe aliyonipakulia yana amino asidi. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa, kwa sababu madereva wawili meza ya pili walisukuma sahani zao.

"Wewe mama," Njoki akaniambia, na sauti yake haikuwa tena ya kukaribisha, "usiniharibie biashara. Maharagwe yangu hayana kitu."

Alihamisha jiko lake upande wa pili wa uwanja. Malori mawili yaliyokuwa yameegeshwa jirani na letu yakahamishwa pia. Jioni ile kila aliyepita alionyeshwa lori la asidi kwa kidole. Tulilala kwenye nyumba ya wageni upande wa pili wa barabara, na mwenye nyumba akaniuliza kama nimenawa mikono.

Siku mbili kwenye benchi

Jumanne asubuhi Mutua alipiga simu akasema anakuja. Jumanne jioni akasema kifaa alichopata hakiingii, anatafuta kingine. Nilizima data, nikaacha simu zenu zilie, nikitunza chaji kwa ajili yake peke yake. Mzee Rotich naye alipiga kila baada ya muda mfupi kuuliza kama tumepakia, kana kwamba nilikuwa nimekaa juu ya ufunguo.

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja kwenye mawe mawili, ukitazama ukuta wa Bonde la Ufa kule juu na malori yakishuka yakinuka breki. Jumanne adhuhuri mwanamume mmoja mwenye buti za mpira akaja akaketi upande wa pili. Alijitambulisha kwa jina la Ndirangu, mfugaji wa nguruwe kutoka Kinangop. Yeye pia alikuwa amefuata mzigo ndani ya lori lile lile. Alitaka lisini, ambayo ni ndugu ya methionini, nguruwe wanaihitaji ili wakue.

"Mifuko mingapi?" nikamuuliza.

"Kumi. Msambazaji amenihakikishia."

Mzigo wetu ulikuwa mifuko sita ya methionini na kumi ya lisini, na Mutua alikuwa ameniambia kwamba kwenye lori hakuna lisini nyingine. Mifuko ile kumi ilikuwa imeahidiwa watu wawili.

Sikumwambia siku hiyo. Niliona tayari nimebeba ya kutosha. Lakini mtu ukikaa naye benchi moja siku mbili, mnakula sahani moja ya viazi na kabichi, maneno yanatoka. Jumatano asubuhi alikuwa anamenya ndizi, akanieleza yaliyompata.

"Fundi wa kinu chetu alipunguza lisini kimya kimya," akasema. "Nguruwe wangu wakasimama. Wanakula, hawakui. Namuuliza, ananiambia ni minyoo. Nikawapa dawa ya minyoo. Bado. Akaniambia rudia. Nikarudia."

"Ulijuaje mwishowe?"

"Alikunywa kidogo kwa harusi akaropoka." Akacheka, lakini si cheko la furaha. "Unajua, kupunguza singekasirika. Kitu kikikosa kimekosa, hata sukari hukosa. Mimi kilichoniuma ni ile minyoo. Nilikuwa naamka alfajiri nashika nguruwe mmoja mmoja namnywesha dawa ya ugonjwa hana. Na huyo mtu ananiangalia."

Niliiweka chai yangu chini. Nilimwona Mama Cheptoo amepanda kiti, anapigilia magunia kwenye madirisha na misumari, kuku wamebaki gizani.

Nikamwambia Ndirangu kuhusu mifuko kumi. Hilo ndilo jambo pekee la kweli nililoweza kusema wakati ule. Akaacha kutafuna.

"Kwa hivyo siku mbili tunangojea kitu moja?"

"Ndiyo."

"Na ulijua tangu jana."

"Ndiyo."

Akatupa ganda la ndizi. Kamau, ambaye nilidhani amelala, akafungua jicho moja akalifunga tena.

Kufuli

Mutua alifika Jumatano saa nane mchana, amevaa shati lile lile aliloondoka nalo, macho mekundu, kifaa cha giaboksi kimefungwa kwenye gazeti. Nilikuwa nimepanga maneno makali ya kumwambia. Nilipomwona nikayameza.

Akafungua mlango. Harufu ikatoka kama mtu aliyefungiwa. Mfuko mmoja wa methionini ulikuwa umepasuka njiani, na lori lilikuwa limekaa juani siku nne. Vijana wanne tuliowaita kupakia wakarudi nyuma wote pamoja.

"Hiyo ni sumu," mmoja akasema. "Siguzi."

"Nilisema!" Mathe Njoki akapiga kelele kutoka kwa jiko lake. "Si nilisema?"

Sikuwa na nguvu za kueleza tena. Nikapanda ndani ya lori, nikachota kwenye mfuko uliopasuka, nikashuka, nikasimama mbele ya Mathe Njoki, nikautia ule unga mdomoni. Una utamu kidogo mwanzoni, halafu ile kabichi inakupanda puani. Nikameza. Machozi yakanitoka, na sidhani yalikuwa ya harufu peke yake.

Uwanja wote uliningoja nianguke.

"Ukianguka mimi sijui kitu," Njoki akasema taratibu.

"Sianguki, Mathe. Niko na uchovu tu."

Ndirangu akaja, akachovya kidole kwenye kiganja changu, akalamba, akakunja uso. "Inanuka kama kwetu jikoni," akasema, na watu wakacheka. Vijana wakaanza kupanda kwenye lori.

Njoki alibaki ameniangalia. "Kwa hivyo ile siku ulisema iko kwa maharagwe yangu, hukuwa unanitukana?"

"Iko kwa kila kitu chenye nguvu, Mathe. Kwa maharagwe kidogo, kwa yai zaidi. Sisi tunaongezea tu pale kuku amekosa."

Akafikiri. Kisha akaniletea kikombe cha maziwa moto nisuuze mdomo, akaenda kurudisha jiko lake mahali pake.

Mifuko sita ya methionini iliingia kwenye kanta, ule uliopasuka tukautia ndani ya gunia safi. Ikabaki lisini. Nikampigia Mzee Rotich nikamweleza habari ya Ndirangu.

"Usiache hata mmoja," akasema. "Jina kwenye mzigo ni letu."

Nilijua hesabu za vipimo vyangu. Kuku kwanza wanaumia kwa kukosa methionini. Lisini ningeweza kuifidia kwa soya kwa muda, nguruwe wa Ndirangu hawakuwa na cha kufidia. Nikawaambia vijana wapeleke mifuko mitano kwenye pikapu yake.

Ndirangu hakunishukuru kwa maneno mengi. Alisema, "Ungekuwa fundi wa kinu chetu," kisha akapanda akaenda. Sentensi ile ilinichoma kuliko kama angenitukana, maana hakujua anamwambia nani.

Kurudi

Tuliondoka Alhamisi alfajiri, baada ya Kamau kulala vizuri. Njiani hatukuongea sana. Karibu na Naivasha tulinunua viazi, Gilgil tukasimamishwa tena, Nakuru hatukusimama kabisa. Saa sita na nusu tulikuwa Rongai.

Mzee Rotich alihesabu mifuko ya lisini mara mbili, akaniuliza ni kinu cha nani. Nikamwambia ni chake, na kama anataka kuniondoa sitabishana, ila anipe nafasi ya kuchanganya tani ya kwanza kwanza. Alinung'unika mpaka mashine ikamfunika sauti. Bado niko kazini, msiogope.

Nikapima konzi kamili. Gunia la kwanza lilipotoka nikamwomba Kamau anipeleke nalo kwa Mama Cheptoo.

Alikuwa ndani ya nyumba ya kuku. Kulikuwa na giza hata nikajigonga kwenye chombo cha maji. Kuku wengine kumi na moja walikuwa wamekufa tangu nimwone. Alikuwa amewatenga waliojeruhiwa, anawapaka mafuta yenye lami migongoni, mmoja baada ya mwingine, wenzao wasiwarudie.

"Karibu," akasema. "Nimeziba yote kama ulivyosema. Lakini bado wanaumana. Labda kuna mwanga unaingilia kwa mabati."

"Hakuna mwanga, mama," nikasema. "Ni mimi."

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama pale gizani: mfuko mmoja uliobaki, nusu konzi, wiki tatu, na kwamba siku ile mezani nilijua. Hakunikatiza. Alimaliza kumpaka kuku aliyekuwa mkononi, akamwachilia, akajipangusa mikono kwenye leso.

"Ungeniambia," akasema hatimaye, "ningewauza nusu wakiwa na manyoya. Kulikuwa na mteja wa Nakuru, alikuwa anawataka wiki hiyo. Nilimkatalia."

Tukaanza kung'oa misumari, yeye dirisha hili, mimi lile, na mwanga ukaingia juu ya wale kuku wenye migongo mitupu. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuuliza. Alilipokea gunia, akapakua akawawekea, tukasimama kuwaangalia wakila.

Wiki mbili sasa zimepita. Kudonoana kumepungua, manyoya yanachipua kama miiba midogo. Mama Cheptoo bado ananunua kwetu, maana kinu kingine kiko mbali. Lakini kila akija hukaa kwanza kwenye kiti mbele ya meza yangu, mkoba kwenye magoti, watu wengine wote wakisikia, na kuuliza, "Nasimiyu, leo mmepunguza nini?"

Namjibu. Jana nilimwambia lisini ni kidogo, nimeongeza soya, na atume mtu wa kuangalia nikipima akitaka. Akasema atakuja mwenyewe.